Tupeane uzoefu: nani alipenda akiwa darasa la sita?

Mama wa Rau: Jana nimekuta wanangu wanaangalia Moonrise Kingdom, ile ya Wes Anderson ya 2012. Vitoto viwili vya miaka 12, mwaka 1965, vinatoroka kwenye kisiwa huko Marekani. Walionana kanisani siku ya igizo la safina ya Nuhu, kisha barua mwaka mzima. Kaka skauti, dada kabeba darubini, kitoto cha paka na kinanda cha santuri. Nikaenda jikoni kulia. Mimi barua yangu ya la sita, poda nimeimwagia ndani, "dhumuni la barua hii...", ikasomwa mstarini na mwalimu wa zamu. Nani mwingine?

Chalii wa Ngarenaro: Sisi Arusha tulipulizia pafyumu ya mama. Barua inanukia kuliko mwandishi.

Kibosho Damu: Filamu yenyewe nimeishia dakika ya ishirini. Watu wanaongea kama wamemeza rula.

Mama wa Rau: Kaangalie zako za ngumi.

Mjukuu wa Meku: Hicho kinanda kimenishtua. Sisi ilikuwa redio kaseti.

Mnaijua Desemba ya Marangu. Watoto wa Dar wanashuka na raba nyeupe, sisi miguu imepauka. Kihamba cha jirani, yaani shamba la ukoo la Kichagga, kulikuwa na binti, ng'ombe haogopi, kuku anawakimbia. Mwaka mpya ukipita wanapakia ndizi kwenye buti, mimi nabaki kuhesabu miezi.

Krismasi ya 1998 akaniambia hawarudi tena. Baba yake kagombana na babu yangu, eti masale, ile mimea ya mpakani, yamesogezwa. Tukapanga kutoroka. Anko wangu alikuwa mpagazi wa watalii Mlima Kilimanjaro, kila siku Mandara, Mandara, nikajua ni nyumba ya wageni. Saa tisa mchana tukaishika barabara ya geti la mlimani, mimi na chane ya ndizi mbivu, yeye na redio ya baba yake na betri nne za akiba. Mvua ikatukuta njiani. Raba zake zikaachia soli, akazitupa mferejini, soksi nazo, akatangulia peku. Vile visigino vyekundu vya udongo ninaviona hadi leo.

Getini mlinzi anauliza, "Watalii, kiingilio kiko wapi?" Nikampa ndizi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akatupa chai na koti moja la kujifunika wote.

Saa tatu usiku akaja babu na tochi, na baba wa binti nyuma yake. Huyo baba hakunipiga. Bora angenipiga. Aliichukua redio, akazitoa betri mojamoja, akaziweka mfukoni, kimya.

Alfajiri babu akakata jani la sale palepale mpakani, akalipiga fundo, akalipeleka kwao binti kuomba msamaha. Sale halikataliwi. Baba wa binti akalipokea. Saa nne gari likaondoka.

Dada wa Himo: Nimesoma hii kwenye daladala, nimepitiliza kituo.

Chalii wa Ngarenaro: Mandara ni kambi ya mlimani, mita 2,700 huko! Mngeganda na ndizi zenu. Ila watu wa Moshi bwana, hata mapenzi lazima yaingie kihamba.

Kibosho Damu: Kamba hii. Mlinzi gani agawe chai?

Mama wa Rau: Wewe hujawahi kupendwa, nyamaza.

Dada wa Himo: Mtafute Facebook, kaka. Leo leo.

Shemeji wa Majengo: Usithubutu. Mimi wangu nilimtafuta, nikakuta dalali wa viwanja. Nimeondoka na kiwanja.

Chalii wa Ngarenaro: Kina hati?

Shemeji wa Majengo: Usinitibulie.

Kibosho Damu: Haya, tuseme ni kweli. Mpaka uliishaje?

Mjukuu wa Meku: Masale yapo palepale, yamekuwa marefu kunipita. Desemba nilichungulia upande wao. Nyumba imefungwa, kuku wa watu wamejaa barazani.

Nikawafukuza.