Nawapima haiba maprograma kwa ajili ya tasnifu, bosi wao anataka majibu ya kila mtu

kijana_wa_masta: Wakuu habari za jioni. Niko masta hapa Dar, tasnifu yangu inahusu haiba ya maprograma na jinsi wanavyokaguliana kodi (za kompyuta, sio za TRA). Kuna kampuni imekubali, timu ina watu 9, nilipanga kutumia MBTI, lile dodoso la haiba linalompa mtu herufi nne. Sasa bosi kasema freshi ila nikimaliza nimpe majibu ya kila mmoja "ajue anakaa na watu gani". Nikigoma nakosa data. Nikifuta majina nikaandika P1, P2 si itakuwa poa?

Shangazi Seva: Mdogo wangu, P1 P2 kwenye watu 9 ni kujikinga mvua kwa chandarua. Ukiandika "mwanamke, miaka 31, anafanya testing" na pale yuko mmoja tu si ushamtaja? Halafu dodoso lililoletwa na bosi nani atalikataa. Mi nilijazishwa hayo mambo kazini zamani nikatoka introvati (mtu mkimya wa kujitenga), toka siku hiyo sikupelekwa kwa mteja hata mara moja, na ofisi nzima hakuna aliyekuwa anaongea kama mimi 😂

mzee_wa_takwimu: Na hiyo MBTI achana nayo. Ilitungwa na mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wakichukua mawazo ya Jung yule daktari wa akili, hakuna kati yao aliyesomea saikolojia, na hata wanaoiuza wanakataza kuajiria. Watu wengi wako katikati yenyewe inawakata vipande viwili. Tumia Big Five, inayopima sifa tano za haiba kwa kiwango badala ya kumtia mtu kwenye kundi, maswali yake yako kwenye hazina ya IPIP na ni ya bure.

Juma404: Mnajisumbua, chota komenti zao GitHub (mtandao wanakoweka na kukaguliana kodi) programu ikadirie haiba, si ziko wazi

Shangazi Seva: Juma, nguo kuanikwa nje sio ruhusa ya kuzivaa. Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza ya kampeni za siasa, ilianza hivyohivyo, kama watu 270,000 walijaza kajaribio ka haiba Facebook zikachotwa data za watu mpaka milioni 87, na wakubwa wake walirekodiwa wakijigamba uchaguzi wa Kenya 2013 na 2017 walikuwemo.

mzee_wa_takwimu: Dogo, tupia linki kwenye magrupu ya maprograma upate watu wa kampuni tofauti, bosi asijue nani kajaza nani kaacha. Na sheria ya taarifa binafsi ya 2022 kaisome kabla ya kuomba kibali.

kijana_wa_masta: Nimemwandikia bosi kwamba majibu ya mtu mmojammoja hapati. Tiki za bluu toka saa nne, kimya.