Naomba ushauri: kuanza ufundi wa majokofu nikiwa na miaka 46

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mkazi wa Pongwe, Tanga, na tangu ujana wangu nimekuwa fundi wa korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge, hadi mwajiri alipopunguza wafanyakazi nami nikawa miongoni mwao. Kwa sasa ninategemea fao la kukosa ajira la NSSF, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara na hulipwa kwa miezi 6 tu, na nina watoto wawili sekondari.

Beringi ikianza kuchoka ninaitambua kwa sauti kabla mashine haijasimama, na ningeumia sana ujuzi huo ukipotea bure. Ninafikiria kusomea ufundi wa majokofu VETA, kwa kuwa wauza samaki hapa mjini hawawezi kuhifadhi mali yao bila barafu. Mke wangu anapendekeza tununue machungwa Muheza tuyauze mjini, wazo ninaloliheshimu, ingawa bei huporomoka msimu unapopamba moto.

Waliobadilisha fani katika umri huu, naomba mnieleze: je, nijishikize kwanza kwa fundi mzoefu, au ninunue vifaa vyangu mara nikimaliza mafunzo?