Gemu ni ya kucheza au ya kutazama? Nimenunua gemu, nikapewa sinema

Mzee wa Pedi:
Wakuu, nimevuta PS4 ya mtumba, na kila niliyemuuliza akaniambia nianze na Red Dead Redemption 2 ya 2018, eti ndiyo baba lao. Niko nayo wiki ya pili sasa. Mwanzo mzima ni theluji, farasi anakwenda kama anasindikiza msiba, na watu wanapiga soga mbele yako. Nikitoka kidogo nje ya njia wanayoitaka, misheni imefeli. Nikizunguka nyumba kwa nyuma nimvizie adui, imefeli. Sasa mimi ni mchezaji au nafanyishwa mazoezi ya maigizo? Swali langu: stori zinajenga gemu au zinaua gemu? Leteni hoja, si matusi.

Fundi Joto:
Huu mjadala ulishafungwa zamani. John Carmack, yule aliyeandika programu ya Doom ya 1993, alisema stori kwenye gemu ni kama stori kwenye picha za ngono: inategemewa iwepo, ila haina umuhimu. Anayetaka stori asome riwaya. Halafu tuambiane ukweli, nusu ya mnaolia "stori, stori" Kiingereza chenyewe hamkishiki, mnatazama midomo inavyocheza tu.

binti_kisauni:
Wewe Fundi, Kiingereza kimeingiaje hapa? Watu wameulizwa habari ya gemu, wewe watupima darasa. Mie gemu ya The Last of Us nimeimaliza mara mbili, na ile ya kwanza mamangu mzazi aliketi kando yangu mwanzo mpaka mwisho. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Yule mtoto wa Joel, mhusika mkuu, alipokufa, alilia kunishinda. Stori yaingia kwa macho.

Fundi Joto:
Dada umejijibu mwenyewe. Mama aliketi kando, hakushika pedi ya kuchezea, na alipata kila kitu ulichopata wewe. Hiyo ni sinema.

binti_kisauni:
Usimtaje mamangu.

Fundi Joto:
Umemtaja wewe!

Chalii Mtulivu:
Nina ushahidi wa upande wa Fundi, ingawa unaniaibisha. Gemu ya GTA San Andreas nimeicheza tangu niko darasa la sita, na kila kipande cha sinema nilikuwa nabonyeza X kiruke. Juzi tu mdogo wangu ndiyo kanieleza kwamba Big Smoke, mshikaji wetu wa gengeni, alisaliti. Miaka yote nilijua tunakwenda kumuua kwa sababu ya ile siku tumefukuzwa na maadui, risasi zinapigwa, yeye yuko kwenye gari anakula. Nikaona adhabu imezidi kidogo, lakini sawa.

Sauti ya Ilala:
😂😂😂 Uzi ungefungwa hapa hapa.

KakaMkubwa:
Chalii, wewe angalau ulifika huko. Mimi nikisikia mtu anasifia stori ya San Andreas najua huyo alichezea sebuleni kwao. Sisi wa banda la gemu tulikuwa tunalipia muda. Memori kadi ya mwenye banda, ya kuhifadhia ulipofika, ilikuwa moja, nane MB, anaifungia kwenye droo pamoja na hela. Kwa hiyo kila siku CJ, yule unayemchezesha, anatua uwanja wa ndege, kila siku mama yake amekufa, kila siku baiskeli. Nimehudhuria msiba ule zaidi ya misiba ya ukoo wetu. Misheni ya tano sijawahi kuiona. Stori kwetu ilikuwa anasa ya wenye memori kadi.

Mwana wa Afisa:
Kwani memori kadi ilikuwa bei gani hadi iwe anasa? Mlikuwa wavivu wa kutunza hela, mnamalizia kwenye ubuyu na karanga.

KakaMkubwa:
Jina lako limeshajieleza, mkuu. Endelea kupumzika.

Mwana wa Afisa:
Ni jina tu. Baba alikuwa bwana shamba.

KakaMkubwa:
Mwenye gari la serikali au hana?

Mwana wa Afisa:
Pikipiki.

Msomi wa Usiku:
Naomba turudi kwenye hoja, maana Mzee wa Pedi kagusa jambo lenye jina kabisa. Mwaka 2007 mbunifu wa gemu anaitwa Clint Hocking aliichambua gemu ya BioShock, jambo hilo akaliita "ludonarrative dissonance", yaani mchezo na stori kupingana. Alisema ukiwa unacheza, gemu inakupa uhuru wa kuwa mbinafsi, uwanyonye watoto waliomo humo ujiongezee nguvu. Stori kwa upande wake inakulazimisha umtumikie mtu fulani, utake usitake. Mkono wako unasema hiki, mdomo wa gemu unasema kile. Uncharted ni hivyo hivyo: kwenye sinema Drake, shujaa wake, ni mcheshi, kipenzi cha watu, ukishika pedi anaua mamia ya watu na hapotezi usingizi. Watengenezaji wenyewe walilijua hilo. Kwenye Uncharted 4 ya 2016 waliweka kikombe, yaani tuzo ya ndani ya gemu, chenye jina la lawama hiyo hiyo, unakipata ukishaua maadui 1,000.

Lakini zipo gemu zilizoshona vizuri. Half-Life ya 1998 haikunyang'anyi pedi. Mambo yanatokea mbele yako na wewe bado unatembea. Dark Souls imeficha stori kwenye maelezo ya panga na pete, asiyetaka asisome. Hades ya 2020, ukifa unarudi nyumbani, na kila ukirudi watu wana maneno mapya. Kufeli kwako ndiko kunakoisogeza hadithi. Kwa hiyo Mzee, kinachokuudhi ni gemu kukufelisha kwa kosa la kufikiri, na hilo linarekebishika bila kuitupa stori.

Sauti ya Ilala:
Msomi, umeandika gazeti zuri sana. Swali moja: ile misheni ya treni ya San Andreas uliipita?

Msomi wa Usiku:
Hilo halihusiani.

Sauti ya Ilala:
Hakuipita huyu.

Kobe Mzee:
Mnalalamikia theluji? Nendeni kwa Kojima, mtengenezaji wa Metal Gear. Metal Gear Solid 4, ile ya PS3, sinema yake ya mwisho ni masaa matatu. Nilikwenda kununua chipsi nikarudi, wazee bado wanaongea.

Msomi wa Usiku:
Si matatu. Ni saa moja na dakika kama kumi hivi.

Kobe Mzee:
Foleni ya chipsi ilikuwa ndefu.

bi_mkubwa_tanga:
Wanangu, mimi nasoma tu huwa siandiki. Bibi yetu alikuwa akisema "Paukwa!", tusipoitika "Pakawa!" haendelei, anageukia ukutani analala. Wimbo wa katikati tunauimba sisi. Hadithi bila mkono wa msikilizaji haikuwapo kwetu. Hao wazungu wa farasi wakosee wenyewe, hadithi na mchezo kwetu havijawahi kugombana.

Fundi Joto:
Shikamoo bi mkubwa. Kwa heshima zote, bibi hakuwahi kukwambia "misheni imefeli" ukikosea kuitika.

bi_mkubwa_tanga:
Marahaba mwanangu. Alikuwa anatupiga kofi.

Fundi Joto:
Basi hiyo ni Dark Souls, ukikosea unachapwa. Kwa bi mkubwa nakunja mkia. Dada wa Kisauni bado nampinga.

binti_kisauni:
Nawe bado hujaomba radhi.

KakaMkubwa:
Mimi nasimamia pale pale, stori ya San Andreas tuliyoijua ni moja, kodi ya vitufe vya pedi: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Pesa na uhai. Miaka imepita, vidole bado vinakumbuka.

Chalii Mtulivu:
Hiyo ya nne si R2?

KakaMkubwa:
R2 ni silaha. X ni pesa. Hebu usiniharibie utoto.

Mzee wa Pedi:
Jamani mada yangu ni Red Dead.

Sauti ya Ilala:
Mkuu ulikuwa na memori kadi au hukuwa nayo? Jibu hilo kwanza.

Mzee wa Pedi:
Nilikuwa nayo. Ila ile treni ilinishinda, nikaigawa bure.

binti_kisauni:
Wote mwaikimbilia treni mwaikaribia mno, Smoke aliyepanda nyuma yako kwenye pikipiki hapati pa kulenga. Kaa mbali nayo kidogo, upande wa kulia, umwache apige. Nilimpitishia kakangu, naye alijua Kiingereza.