Ndege, Barabara na Ngome Moja: Muscat hadi Ibri

*Kikundi cha familia cha simu: Watoto wa Bi Salama, Kikwajuni*

Rayya: Asalaam aleykum wote. Shikamoo ami Nassor, shikamoo mwalimu. Tiketi tayari. Ndege inaondoka Unguja saa saba na nusu usiku wa kuamkia Alhamisi, inatua Muscat, Oman, saa moja na nusu asubuhi kwa saa za kule. Tupo watano: mimi, Suleiman, mama na watoto wawili. Gari tunakodi kiwanjani, na siku hiyo hiyo tunakwenda Ibri kwa kaka Mbarouk. Mama anataka aone ngome moja njiani. Nizwa, Bahla au Jabrin? Au tuzione zote, maana nasikia ziko njia moja?

Ami Nassor: Waaleykum salaam. Marahaba mwanangu. Zote tatu hapana. Moja, na iwe Jabrin.

Ami Nassor: Sababu ni njia yenyewe. Kutoka kiwanjani unashika barabara namba 15: Bidbid, Sumail, Izki, Nizwa. Hapo ni kilomita kama 140, saa moja na nusu. Nizwa unaingia namba 21 ya kwenda Ibri. Bahla iko kilomita 40 mbele, na Jabrin ukishaipita Bahla kidogo tu, unachepuka kilomita chache ndani. Nizwa kwenyewe ngome iko katikati ya mji, ndani ya soko, itabidi utafute pa kuegesha gari kisha utembee na mama. Saa mbili zinakwisha hivi hivi.

Mbarouk (Ibri): Namuunga mkono ami. Jabrin gari inaegeshwa mbele ya mlango, na kutoka pale hadi kwangu hamfiki saa moja na nusu.

Zuhura: Bahla nayo? Si ndiyo kubwa kuliko zote?

Mwalimu Khadija: Kubwa kweli, na ukuta wa udongo unaozunguka mji wake una takriban kilomita 12. UNESCO waliiingiza katika Urithi wa Dunia 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini kwa sababu udongo ulikuwa ukimomonyoka, ikatolewa humo 2004. Lakini ndani ni vyumba vitupu na ngazi nyingi. Mtu aliyekesha kwenye ndege na watoto hataona raha yake. Itazameni kutoka barabarani, inaonekana vizuri sana juu ya kilima chake.

Rayya: Na Jabrin ndani kuna nini?

Mwalimu Khadija: Jabrin ni kasri la kukaa watu, ndiyo maana linafaa kwa mama. Lilijengwa karibu na 1670 na Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Yaaruba, kabla hajawa imamu, yaani mtawala wa Oman. Ukiingia anza chini: ghala la tende. Sakafu ina mifereji midogo. Magunia ya tende yalipangwa juu yake mpaka darini, uzito ukaikamua asali ikatiririka kwenye mifereji hadi kwenye mitungi. Waonesheni watoto hapo, wataelewa bila maelezo.

Mwalimu Khadija: Kisha pandeni chumba cha jua na mwezi. Tazameni madirisha: yapo ya chini na ya juu. Hewa baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu, na chumba kinapoa bila chochote. Na inueni macho kwenye dari, mbao zimechorwa maua kwa rangi nyekundu, na hiyo ndiyo kazi watu wanayoifuata pale kutoka mbali. Kaburi la Bil'arab mwenyewe limo humo humo, chini, karibu na falaji, mfereji wa maji unaopita ndani ya jengo.

Zuhura: Kaburi ndani ya nyumba?

Mwalimu Khadija: Ndiyo. Ndugu yake, Seif bin Sultan, alimpinga akamzingira, na Bil'arab akafia humo 1692. Seif akashika uimamu. Na huyu Seif ndiye ambaye majeshi yake yalimtoa Mreno Ngome ya Yesu, Mombasa, 1698, na baada ya hapo ndipo Waomani wakajenga Ngome Kongwe yetu ya Forodhani. Baba yao Sultan bin Seif ndiye aliyemtoa Mreno Muscat 1650 na kujenga mnara mkubwa wa Nizwa. Kwa hiyo mama akisimama pale Jabrin, anasimama katika nyumba ya watu walioibadilisha historia ya kwetu. Naomba mumwambie kabla hajaingia, si baada ya kutoka.

Rayya: Nitamsomea ujumbe huu ndani ya ndege, inshaallah. Ngazi zake vipi? Magoti ya mama si mazuri.

Ami Nassor: Ni za juu na nyembamba, na baadhi ya vipito vina kiza. Ghala la tende, ua na kaburi ataviona kwa urahisi. Chumba cha jua na mwezi atapanda polepole, mtu mmoja mbele mmoja nyuma. Juu ya paa asipande. Viatu viwe vya kubana mguu, si makubadhi, yanateleza kwenye ngazi zilizosuguliwa na nyayo.

Suleiman: Shikamoo ami. Mimi nina wasiwasi wa usukani. Kule wanapita kulia.

Ami Nassor: Marahaba. Barabara kubwa haina tabu, imegawika katikati, utazoea dakika kumi. Tabu ni pahala pawili. Kwanza raundabauti: unaingia kwa kulia, unazunguka kinyume na kwetu, waliomo ndani ndio wenye haki, na watatokea KUSHOTO kwako. Pili, ukitoka sheli au kwenye maegesho, barabara ikiwa tupu. Hapo ndipo mkono unajirudia wenyewe kushoto, maana hakuna gari ya kuifuata. Rayya akae mbele na kila mkitoka pahala aseme kwa sauti: "Kulia." Usione haya kuambiwa.

Ami Nassor: Kabla hujatoka maegesho ya kiwanja, zunguka humo humo ndani mara mbili tatu. Indiketa na waipa huenda zikawa zimebadilishana mkono, gari ipo upande mwengine wa mwili wako, utaisogeza mno kulia na kugusa kingo. Rekebisha vioo hapo, si njiani.

Mbarouk (Ibri): Mwendo usizidi 120 hata kama watu wanakupita. Kamera zimejaa, na faini inaletwa kwa mwenye gari, naye anaikata kwenye amana, zile fedha za dhamana ulizomwekea. Taa nyekundu kule si mchezo, mtu anawekwa ndani. Na simu mkononi usishike.

Suleiman: Amana wanachukua taslimu?

Mbarouk (Ibri): Mara nyingi wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanakwama asubuhi: kadi ya mke, leseni ya mume. Kama Rayya naye ataendesha, aandikwe kwenye mkataba, bila hivyo bima haimlindi. Chukueni leseni za kimataifa pamoja na za nyumbani. Kiti cha mtoto mkiombe sasa, kwenye kuhifadhi gari, msingoje kufika. Na piga picha za gari pande zote nne, hata magurudumu.

Zuhura: Na usingizi? Usiku wote ndege, asubuhi usukani. Mimi hilo ndilo linaloniogopesha.

Ami Nassor: Zuhura kasema la maana kuliko yote. Ndege ni saa tano tu na unapoteza saa moja, kwa hiyo atakayelala vizuri amelala saa tatu. Suleiman: kwenye ndege chakula kiache, lala tangu mwanzo, watoto awaangalie Rayya. Usingizi hautakukamata Muscat, penye mji na magari. Utakukamata baada ya Sumail, njia ikinyooka na jua likikupiga. Ukijikuta hukumbuki kilomita chache zilizopita, au gari inagusa mstari, toka kwenye sheli ya karibu, lala dakika 20. Kahawa inywe KABLA ya kulala hizo dakika, ikuamshe. Kufungua dirisha na kuweka redio juu hakusaidii.

Mbarouk (Ibri): Na msile wali njiani. Mtakula kwangu. Njiani mkate, mayai, tende, maji. Sheli za barabara ile zina vyoo na msikiti, sala za adhuhuri na alasiri mtazikusanya.

Rayya: Basi nipangieni saa.

Ami Nassor: Kutua saa moja na nusu. Pasi, mizigo, laini ya simu, gari: usijidanganye, ni saa moja na nusu hadi mbili. Kuondoka saa tatu na nusu. Simama karibu na Izki nusu saa. Jabrin saa sita. Ndani saa moja na nusu, utoke saa saba na nusu. Ibri saa tisa kasoro robo.

Ami Nassor: Na mweke mpaka. Kama saa tano na nusu bado hamjatoka kiwanjani, ngome ifutwe. Zile ngome zinafunga alasiri, na Januari magharibi ni karibu saa kumi na moja na nusu. Giza likiingia upande wa Ibri ngamia wanavuka barabara.

Suleiman: Watoto wameona mlima wa Jebel Akhdar kwenye simu, wanataka tupande.

Mbarouk (Ibri): Gari ndogo inarudishwa na polisi pale juu ya kijiji cha Birkat al Mauz, njia ya mlimani inapoanzia. Lazima iwe ya kuvuta magurudumu manne. Nitawapeleka kwa yangu Jumamosi.

Zuhura: Soko la mbuzi la Nizwa si Ijumaa?

Mwalimu Khadija: Ijumaa asubuhi mapema, ndiyo. Lakini Ijumaa hiyo waacheni walale. Na ngome Ijumaa zinafungwa kwa ajili ya sala, vizuri kwamba mnafika Alhamisi. Nizwa iwekeni siku ya kurudi, mkiwa mmepumzika.

Rayya: Ahsanteni sana. Kaka Mbarouk, nitumie alama ya ramani ya nyumba na ya Jabrin, niihifadhi simuni isihitaji intaneti.

Mbarouk (Ibri): Nakutumia zote mbili sasa. Jina kwenye vibao utaliona Jabrin, Jabreen na hata Jibreen, ni pahala pamoja. Mkitoka ngomeni nipigie, niteleke wali.