SP na folic kwa mjamzito: ni kweli zinapigana?

Mjukuu_wa_Kyela
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mtu wa maabara au wa dawa. Dada yangu yuko Kyela, mimba ina miezi mitano. Juzi kliniki alimeza vidonge vitatu vya SP, ile dawa ya kukinga malaria, mbele ya nesi, akapewa na vile vya damu vya kila siku, vyenye madini ya chuma na folic kidogo. Njiani akapita duka la dawa, akaambiwa vya kliniki havina nguvu, akauziwa kopo zima la folic ya miligramu 5. Kufika nyumbani, jirani akamwambia folic inaua nguvu ya SP. Sasa kaogopa, kaacha vyote, hata vile vya damu. Mimi sayansi niliishia kidato cha nne. Nilichokuta ni kwamba dawa zote mbili zinahusu DNA. Inakuwaje kinachomjenga mtoto kimsaidie na mdudu wa malaria? Niko Makambako, siwezi kumfuata kabla ya Jumamosi.

Mama_Parachichi
Pole mwanangu. Mimi si mtaalamu, ila vya damu asiache. Na SP asiidharau. Sisi huku Tukuyu tuna baridi, mbu wachache, lakini Kyela ni bondeni, ziwani kabisa, malaria ya kule naijua. Subiri wenye elimu waje.

Hadubini_Mbeya
Mdogo wangu, jirani kasema kweli nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo imemtisha dada. Nina miaka 19 kwenye hadubini hapa Mbeya, kwa hiyo nianze na ninachokiona kwa macho.

Kuna mama mmoja aliletwa amepauka mpaka viganja. Nikapaka damu yake kwenye slaidi. Kwa kawaida chembe nyekundu inalingana na kiini cha limfosaiti ndogo, aina ya chembe nyeupe. Hivyo ndivyo tunavyopima kwa jicho. Zake zilikuwa kubwa kuliko hicho kiini, nyingine zimerefuka kama yai. Halafu nikakutana na chembe nyeupe ambayo kiini chake huwa kimegawika vipande vitatu au vinne. Yake ilikuwa na sita. Nikahesabu upya, sita. Damu ya namna hiyo inakuambia mtu kapungukiwa folate (folic ni folate ya kwenye vidonge) au vitamini B12.

Kwa nini chembe ziwe kubwa wakati damu imepungua? Hapo ndipo DNA inapoingia. DNA ni maandishi ya herufi nne: A, T, G na C. Seli haigawanyiki mpaka inakili maandishi yote, na kwa binadamu ni herufi kama bilioni 6 kwa kila seli. Herufi hizo mwili unazitengeneza wenyewe. T inatokana na herufi nyingine iitwayo U, kwa kubandikwa kaboni moja tu, na anayeibeba kaboni hiyo ni folate. Folate ikikosekana, T inaadimika na unakili unakwama. Lakini seli haijui kusubiri: inaendelea kutengeneza protini, inanenepa, huku zamu ya kugawanyika haifiki. Kwenye uboho, ambako zinahitajika chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, upungufu huo unaonekana mapema. Na tumboni mwa dada yako kuna mtoto ambaye seli zake zinagawanyika usiku na mchana. Ndiyo maana kuacha vile vya damu kumenisikitisha kuliko yote uliyoandika.

Sasa mdudu. Plasmodium falciparum akishaingia kwenye chembe nyekundu, ndani ya saa 48 hivi anakuwa wadudu 16 hadi 32, chembe inapasuka, wanatoka kutafuta nyingine. Kila mmoja wao lazima apate nakala yake ya DNA. Ina herufi kama milioni 23, na karibu 80 katika kila 100 ni A au T. Nikikumbuka hilo huwa namwona mdudu huyu kama fundi matofali anayejenga nyumba 20 kwa mpigo. Tena T hawezi kuiokota kwetu, lazima aitengeneze mwenyewe, na yeye pia anahitaji folate.

SP ni dawa mbili zinazoziba njia moja sehemu mbili. Sulfadoksini inamzuia mdudu kutengeneza folate yake. Sisi hatua hiyo hatuna kabisa. Folate yetu inatoka kwenye maharage, majani ya maboga, maini. Pirimethamini inashika kimeng'enya kinachoirudisha kazini folate iliyokwisha kutumika. Hicho na sisi tunacho, ila dawa inakishika cha mdudu kwa nguvu zaidi sana.

Ukielewa hapo, jibu lako limepatikana. Mdudu anajua kutengeneza folate, lakini akiikuta tayari kwenye damu anaweza kuichukua. Ikiwa nyingi mno, mlango uliofungwa na sulfadoksini yeye anauzunguka. Kwa hiyo shida ni kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 0.4 kwa siku kwa mjamzito, nayo inakwenda na SP bila tatizo. Miligramu 5 au zaidi halitaki zitolewe pamoja na SP. Hicho alichouziwa ni zaidi ya mara 12 ya anachohitaji. Vya kliniki havikuwa dhaifu hata kidogo.

Aanze tena vya kliniki leo hii. Kopo asilimeze, alibebe aende nalo kliniki waone. Kuna wanaoandikiwa 5 kwa sababu maalumu, mfano aliyewahi kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi, au mwenye selimundu, lakini hilo daktari anaamua akiwa na kadi yake mkononi, si muuzaji.

Mwl_Ilembo
Asante mtaalamu, kesho darasani nawaeleza hivi hivi. Swali: kwa nini wanasema mwanamke aanze folic hata kabla ya mimba?

Hadubini_Mbeya
Mwalimu, mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo unajifunga karibu siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo wengi hawajajua hata kama wana mimba. Akisubiri kliniki ya kwanza, kazi hiyo imeshapita. Jambo jingine nilisahau: mama anayetumia Septrin, dawa ya kuua bakteria, kila siku hapewi SP, maana zote zina salfa na zinaziba njia ile ile. Na mwenye mzio wa salfa aseme mapema.

Mjukuu_wa_Kyela
Nimempigia, tumesomeana taratibu. Septrin hatumii, mzio hana. Nikamwuliza vya damu kaviweka wapi, akasema alivitupia kwenye ndoo ya mchele asivione. Kavitoa, kameza kimoja nikiwa hewani, nimesikia kikombe kikiwekwa chini. Kopo kalitia kwenye mfuko wa kadi ya kliniki. Jumamosi naenda naye mwenyewe. Ndaga fijo, kaka.