Kunguru wa Pwani: sumu kwanza au jaa kwanza?

Mkaazi wa Kisauni: Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kwa sumu kufikia mwisho wa mwaka huo. Mimi napinga, na si kwa kumhurumia kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Aliajiriwa, na kazi hatujamwachisha. Pita nyuma ya soko Mombasa asubuhi: matumbo ya samaki, maganda ya mihogo, mifuko ya taka imepasuliwa. Jaa la Kibarani lilifungwa, taka zikapelekwa Mwakirunge, lakini vijaa vya mitaani vipo pale pale. Ua kunguru leo, chakula chake umekiacha mezani.

Dada wa Watamu: Wewe hufugi kuku. Huku vifaranga wakitoka tu kwenye mayai, kunguru yuko juu ya paa anangoja mama mtu ageuke. Minana nao hawana raha, viota vinachanwa na makinda yanaliwa. Tungoje kaunti izoe taka mpaka lini?

Mzee wa Makadara: Na paka wangu akila mzoga wenye sumu?

Mkaazi wa Kisauni: Mzee, wataalamu wanasema sumu hiyo, DRC-1339, huvunjikavunjika haraka mwilini mwa ndege, kwa hiyo mla mzoga hadhuriki kirahisi. Hilo sibishani nalo. Mimi naogopa chambo. Ni nyama, na kunguru wetu wa asili, yule wa kifua cheupe, nyama anaila vile vile. Asimame mtu pale aangalie nani anatua.

Dada, ya vifaranga nimekuelewa. Lakini Zanzibar waliwapunguza sana miaka ya 1990, mradi ukakoma, ndege wakajaa tena. Basi tuwekeane sharti: penye chambo, taka zizolewe kila jioni, na kaunti iweke saini pamoja na KWS.

Dada wa Watamu: Hapo sawa. Ila na wenye hoteli waweke saini. Wao ndio wa kwanza kulalamika kwamba kunguru wanawasumbua wageni mezani, na usiku mabaki ya chakula yanamwagwa nyuma ya jiko, hata mfuniko hamna.