Tupeane uzoefu: viunganishi vilivyolegea kwenye mashine zinazopokea fedha

Mwanzisha mada, Mombasa

Ndugu zangu mnaohudumia mashine za maji, maziwa au vinywaji zinazopokea sarafu na noti, naomba tukusanye hapa visa vyetu vya waya za umeme na za mawasiliano zilizolegea, kwa sababu nimeona vifaa vizima vikitupwa na wateja wakipoteza fedha zao kwa kosa la skrubu moja.

Naanza na changu. Mashine yangu ya maji hupokea sarafu za shilingi 5, 10 na 20. Ilifika wakati ikawa inakubali sarafu ya kwanza, lakini mteja akiongeza ya pili pampu ikiwa bado inazunguka, inamrudishia. Nilipima umeme wa kipokezi cha sarafu mashine ikiwa imetulia, nikapata volti 12 kamili, nikaridhika kwamba umeme hauna shida, na nikanunua kipokezi kipya ambacho nacho kikafanya vilevile. Fundi mmoja wa makamo ndiye aliyenishauri nipime huku pampu ikifanya kazi, na hapo mita ikashuka hadi volti 9.5.

Pampu na kipokezi vilikuwa vinatumia waya mmoja wa hasi, na skrubu iliyoubana ilikuwa imelegea. Kiungo chenye ukinzani wa omu 1 tu hupoteza volti 2.5 pale ampea 2.5 zinapopita, ilhali pampu ikizimwa hakuna kinachoonekana kupotea. Aliyefunga mashine alikuwa ameipaka ncha ya waya risasi ya kulehemu kabla ya kuibana, jambo ambalo wengi tunalidhani ni umakini. Kumbe risasi ni laini, hubonyea taratibu chini ya skrubu, na kiungo kinalegea chenyewe. Nilikata ncha ile, nikavisha waya kijibomba cha shaba kinachobanwa kwa koleo, kisha nikakipa kipokezi waya wake wa hasi unaotoka moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme.

Mchangiaji wa pili, Muscat

Asante, ndugu yangu, kwa kufungua mada hii. Mimi nahudumia mashine za vinywaji, na kisa changu kinahusu waya za mawasiliano. Kipokezi cha noti kiliwaka taa, mota yake ikazunguka kama kawaida wakati wa kuwashwa, lakini kikaikataa kila noti, ya nusu riali na ya riali 1, mpya na kuukuu. Nilisafisha vihisio mara tatu. Jambo nililolisahau ni kwamba katika MDB, mfumo wa mawasiliano kati ya bodi kuu ya mashine na vipokezi vya fedha, ambao ndio unaotumika kwenye mashine zangu, kipokezi hakiruhusiwi kupokea noti mpaka bodi kuu ikiamuru, na amri hiyo hupita kwenye waya tofauti na za umeme. Nilipoimulika plagi kwa tochi niliona pini moja imerudi nyuma kuliko wenzake. Ilikuwa haijakaza ndani ya kasha lake tangu ilipofungwa. Tangu siku hiyo huzima umeme, nikauvuta kila waya taratibu, mmoja mmoja, kabla sijagusa kihisio chochote.

Niongeze tofauti iliyonisaidia sana. Kipokezi kinachoiarifu bodi kwa mapigo ya umeme tu, kama vilivyo vingi vya sarafu, hakisubiri ruhusa ya namna hiyo, kwa hiyo waya wake wa ishara ukikatika kitaendelea kumeza fedha bila salio kuonekana. Mashine inayokataa fedha zote na mashine inayozimeza bila kutoa huduma zinaweza kuwa na ugonjwa mmoja wa waya, ila ile ya pili inamdhulumu mteja, na ni lazima izimwe mara moja.

Mchangiaji wa tatu, Arusha

Yangu ilikuwa ikipona kila nilipofungua mlango na kuugua kila nilipoufunga. Kebo ya data inayopita kwenye bawaba ilikuwa imekatika ndani kwa kukunjwakunjwa, wakati ganda lake la nje halina hata mkwaruzo. Pimeni mlango ukiwa umefungwa.

Mchangiaji wa nne, Tanga

Kwetu pwani adui ni hewa ya chumvi. Pini zilikuwa zimekaza, lakini zimeota ukungu wa kijani, na mashine ikawa inajihesabia sarafu ambazo hakuna aliyeziweka, hasa vali ya maji inapofunguka. Kuzisafisha kulisaidia kwa wiki chache tu. Kubadilisha plagi nzima, na kuitenga kebo ya ishara na ile ya vali, ndiko kulikomaliza tatizo.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Arusha, nimeifuata kebo ya mlango wangu leo asubuhi baada ya kusoma maelezo yako. Niliishika huku mita ikilia kuonyesha waya ni mzima, nikaufunga mlango polepole, na mlio ukakatika karibu na bawaba. Nimeibadilisha, nikaiachia ulegevu wa kutosha kwenye mkunjo. Pia nimelinganisha sarafu za kisandukuni na hesabu ya bodi, nikakuta shilingi 340 zisizoandikwa. Wateja wawili waliokuwa wamelalamika nimekwisha kuwarudishia fedha zao, na kwa waliobaki nimebandika tangazo mlangoni waje na madumu yao niwajazie.